Steringi Mwenye Nyumba Yake: Komiki za Mashujaa Wapya Zinazostahili Pesa Yako

Mtoto wa kaka yangu alimaliza darasa la saba na alama nzuri kuliko tulivyotarajia, nami kwa furaha nikaropoka kwamba nitamnunulia kitabu chochote atakachotaja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Tororo. Moyoni nilishaanza kuchagua kamusi. Akanijibu, "Senga, nataka komiki ya steringi mpya. Mpya kabisa. Si hawa ambao hata Baba aliwatazama kwenye kibanda cha video."

Nikaona ombi lina akili. Nikapanda taksi hadi Kampala, nikazunguka siku nzima. Katika duka moja nikaonyeshwa kitabu chembamba chenye msichana aliyevaa vazi la kishujaa ambalo sijawahi kuliona, namba 1 kubwa kwenye mgongo wa kitabu, kimefungwa plastiki kama mkate. Shilingi 140,000. Nikaomba nikifungue nichungulie.

"Nyabo, ukifungua umenunua."

Nikanunua bila kufungua. Kijana alikimaliza kabla ugali haujaiva. Akaja jikoni amebana ukurasa wa mwisho kwa kidole. Msichana wetu amesimama juu ya paa, mbingu inawaka moto, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo, tunaambiwa hadithi inaendelea katika kitabu kingine. Kitabu chenye jina la mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine ndiye yuleyule wa kibanda cha video.

"Sasa Senga, amekufa au hajafa?"

Sijui. Hata leo sijui. Niliporudi dukani kutafuta kipande kilichobaki niliambiwa hakiji Uganda, ila juzuu la 2 lipo. Nikasoma maelezo ya nyuma ya hilo la 2: vita vimekwisha, watu wanavisimulia kama jambo la mwaka juzi. Katikati pana shimo, na shimo hilo mimi nimelilipia. Kitabu chenyewe sitakitaja, maana mwandishi wake ana kipaji na sidhani kama ni yeye aliyeamua kuvunja hadithi pale.

Ndipo nikaanza kuandika mwongozo huu. Sitakupotezea muda na ubora wa michoro, uzito wa karatasi wala kama shujaa anaruka vizuri. Macho unayo. Mimi naangalia kitu kimoja ambacho sijaona mtu akikiuliza dukani: kitabu hiki kinajifunga mlango chenyewe, au ukurasa wa mwisho unakutuma kwa jirani? Shujaa anayestahili mfululizo wake peke yake ni yule mwenye nyumba yake. Wengi wa hawa wapya ni wapangaji katika ua wa mashujaa wa zamani. Kodi ikipanda, wanatolewa nje na hadithi yao nusu.

Ugonjwa huu una sababu, nayo ni ya kibiashara. Kule Marekani komiki hutoka kwanza kama vijitabu vya kurasa ishirini na kitu, dola 3.99 au 4.99 kimoja, katika maduka yanayouza komiki tu. Kijitabu kimoja ni toleo; matoleo kadhaa yakifungwa pamoja ndiyo juzuu. Shujaa mpya akianza kudorora sokoni, kampuni humletea mgeni maarufu amtembelee, au humwingiza katika vita vikubwa vinavyopita katika vitabu kumi kwa mpigo. Msomaji wa Chicago ananyoosha mkono kwenye rafu ya pili, anachukua kipande kinachofuata. Rafu yangu ya pili iko mbali saa nne za barabara, na nikifika ni tupu.

Sababu ya pili inaeleza kwa nini mashujaa wapya kabisa ni haba siku hizi. Katika kampuni mbili kubwa, Marvel na DC, mwandishi ni kibarua: anachobuni kwa kawaida kinabaki mali ya kampuni. Sasa wewe ungekuwa na wazo la shujaa ambaye hajawahi kuonekana, ungempeleka huko? Ungeipelekea kampuni jina la zamani lenye sura mpya, wazo lako bora ungelificha chini ya godoro. Miles Morales, aliyezaliwa 2011 kwa mikono ya Brian Michael Bendis na Sara Pichelli, ni kijana wa kupendeza sana, lakini alifika duniani amevaa jina la Spider-Man. Ni kama shati la Owino, soko letu la mitumba Kampala: linaweza kukukaa kuliko lilivyomkaa mwenyewe wa kwanza, lakini kola ina jina la mtu.

Kwa hiyo nakiri mapema upendeleo wangu ili usije ukasema nimekuficha. Mimi ni mtu wa Image Comics. Ilianzishwa 1992 na wachoraji saba waliochoka kuchora mali ya wengine, na msingi wake ni kwamba aliyebuni ndiye mwenye mali. Mwenye mali hana sababu ya kukatiza hadithi yake ili kuuza kitabu cha jirani. Wakati mwingine anafanya hivyo, nami nitamsema hapa chini, lakini nikiwa na shilingi yangu ya mwisho mkononi natafuta kwanza ile herufi "i" yao jaladani.

Ya kwanza, basi, na sioni inayoikaribia: Invincible.

Ni kazi ya Robert Kirkman, pamoja na Cory Walker aliyechora mwanzo na Ryan Ottley aliyechora sehemu kubwa iliyobaki. Ilianza Januari 2003, ikaisha Februari 2018, matoleo 144. Narudia: ikaisha. Mark Grayson ni kijana wa sekondari ambaye baba yake ndiye shujaa mkuu wa dunia, naye anasubiri nguvu zake zitokeze kama wenzake wanavyosubiri ndevu. Utaniambia kuruka, ngumi za chuma na baba aliyetoka sayari nyingine tumeviona tangu 1938. Kweli kabisa. Upya wa Mark hauko katika nguvu zake. Uko katika sababu iliyomleta baba yake hapa duniani, ambayo siisemi, na katika jambo dogo ambalo kampuni kubwa haziwezi kulithubutu: muda unapita. Mark anakua. Anakosea kosa ambalo halifutiki, anaoa, anapata mtoto, na aliyekufa kwa kawaida hukaa kaburini. Steringi wa zamani ana umri uleule tangu babu yangu ana meno.

Sasa angalia inavyofaulu mtihani wangu. Toleo la 60, la 2009, ni vita vya kuiharibu dunia nzima. Mark 16 wabaya kutoka dunia nyingine wanashuka, na karibu kila shujaa wa Image anatokea kupigana nao. Kampuni nyingine ingevitandaza vita hivyo katika vitabu ishirini na kukuuzia kimoja kimoja. Hapa vinaanza na kuisha ndani ya toleo moja, wageni wanakunywa chai yao wanaondoka, na toleo linalofuata tunaokota maiti pamoja na mwenye nyumba. Niliposoma hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Usinunue juzuu moja moja. Yako 25 na utakosa la 9. Kuna majuzuu makubwa matatu yanayobeba hadithi yote, la kwanza likiwa na matoleo 0 hadi 47, zaidi ya kurasa 1,000, zito kama tofali. La kwangu lilikuja ndani ya begi la rafiki aliyetoka Nairobi kwa basi la usiku, na hadi linanifikia mkononi nilikuwa nimetoa shilingi 300,000. Usishtuke kabla hujagawanya. Ni 6,250 kwa toleo. Kile kitabu changu chembamba cha 140,000 kilikuwa na matoleo 6, yaani zaidi ya 23,000 kila moja, na hadithi ya toleo la mwisho haikuisha.

Onyo: damu ni nyingi, na inachorwa kwa furaha. Si ya mtoto wa darasa la saba. Hata filamu yake ya katuni iliyoanza 2021 usidanganyike na rangi zake ukaiwasha watoto wakiwa sebuleni.

Nafasi ya pili najua mtanisuta. Unknown Soldier ya Joshua Dysart na mchoraji Alberto Ponticelli, iliyotolewa na Vertigo, tawi la DC, kati ya 2008 na 2010. Jina ni la mtumba, limekuwepo tangu miaka ya 1960. Shujaa haruki wala hana nguvu za ajabu. Tena nimetoka sasa hivi kuisema DC. Lakini hebu nisikilize.

Hadithi iko Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2002, wakati wa vita vya Kony. Moses Lwanga ni daktari Mganda aliyekulia Marekani, amerudi nyumbani na mkewe Sera kutibu watu kambini. Ni mtu wa amani, anahutubia juu ya amani. Kisha sauti iliyojificha kichwani mwake inaamka, sauti inayojua kuua, na siku hiyohiyo anajiharibu uso kwa mkono wake mwenyewe, anauzungushia bendeji. Ndivyo steringi wetu anavyopata barakoa yake. Nimesoma mashujaa wengi wanaovaa barakoa ili kuficha jina. Huyu anavaa kwa sababu uso wa zamani haumfai tena.

Lwanga ni jina la Kiganda, na vita vilikuwa kaskazini; msomaji wa mbali anapita hapo bila kugundua kitu, wewe na mimi tunasimama. Dysart alikuja Uganda kabla ya kuandika, na inaonekana: barabara zina vumbi jekundu, watoto waliotekwa wana majina na hasira zao, hakuna simba anayepita nyuma ya kila kibanda. Sisemi ameona kila kitu. Rafiki yangu wa Gulu aliisoma akaniambia kuna kurasa alizozifunga, si kwa ubaya wa kazi bali kwa sababu alikuwa mtoto miaka hiyo, na sikumuuliza zaidi.

Na mtihani? Matoleo 25, majuzuu 4, imeisha ndani ya kuta zake. Batman hakuja Gulu. Laiti angekuja ningekitupa kitabu dirishani.

Hellboy ni ya tatu, na ingekuwa ya pili kama nisingekuwa Mganda. Mike Mignola alimwonyesha dunia 1993, hadithi ndefu ya kwanza ikatoka 1994 kwa Dark Horse. Ni mtoto wa jehanamu aliyeletwa duniani kwa uchawi 1944, akalelewa na profesa mwema, akakua kuwa mpelelezi wa mambo ya mizimu. Pembe zake huzikata mwenyewe, vile mtu anavyonyoa. Mkono wake wa kulia ni wa jiwe. Sijui shujaa mwingine aliyefanana naye kabla yake, na ukiniambia upya ndio huu sitabishana. Mignola hula hadithi za kale za watu wote: mizimu ya Kirusi, majini, wachawi wa Uingereza. Mwaka 2006, pamoja na mchoraji Richard Corben, akamgeuza Hellboy kuwa Makoma, jabali wa hadithi ya Wasena wa bonde la Zambezi. Bibi yangu angemtambua mara moja, mkono wa jiwe na yote.

Nunua zile omnibasi nne, yaani majuzuu manene, za hadithi kuu, inayoishia alikoishia. Kuna vitabu vingi vya pembeni vya wenzake wa idara ya upelelezi. Unaweza kuviacha vyote na usipotee. Hiyo ndiyo tofauti kati ya jirani anayekukaribisha na jirani anayekushikia kitasa cha mlango.

Static ndiye niliyemnunulia kijana mwishowe, kwa hiyo namweka wa nne lakini kwa umri wa kijana huyo ni wa kwanza. Alianza 1993 katika Milestone, kampuni iliyoanzishwa na Waamerika weusi: Dwayne McDuffie, Denys Cowan, Michael Davis na Derek Dingle. Virgil Hawkins ni mvulana wa miaka 15 katika mji wa kubuni wa Dakota, mwembamba, mwenye mdomo, anayependa komiki, na mwili wake unazalisha umeme. (Kijana wetu aliposoma hapo umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika. Alicheka hadi akamwamsha mdogo wake.) Hakurithi jina la mtu. Wengi wenu mnamjua kwa katuni ya televisheni ya 2000 hadi 2004 bila kujua ilitoka kwenye kitabu.

Kasoro? Ndiyo, ileile. Mwaka 1994 Milestone iliingia katika hadithi moja na Superman, vipande 14 vilivyotawanywa katika vitabu vya pande zote mbili. Ukiokota toleo la wakati ule moja moja utalia kama nilivyolia. Chukua Static: Season One ya 2021, inayoanza upya kabisa bila kukudai historia. Ni fupi, matoleo 6, na rangi zake zinawaka.

Kamala Khan namweka wa tano kwa uchungu, maana nampenda. Binti wa Kiislamu wa Jersey City, wazazi kutoka Pakistan, mama mkali, kaka mcha Mungu kupita kiasi. Nina wanafunzi watatu wa aina hiyo kila mwaka. G. Willow Wilson na Adrian Alphona walimpa mfululizo, Ms. Marvel, 2014, na juzuu la kwanza likashinda tuzo ya Hugo 2015. Linunue, linasimama lenyewe. Kisha hesabu wageni. Wolverine anaingia toleo la 6. Toleo la 19 dunia yao nzima inakwisha kwa sababu ya vita vinavyopiganwa kwenye kitabu kingine, mfululizo unafungwa, na mwisho wa 2015 unaanza tena na namba 1 nyingine. Namba 1 ya pili! Dukani zote mbili zina 1 jaladani. Na juzuu la 6 limebeba jina la vita vya watu wengine waziwazi, Civil War II, kama msichana wa watu hana kwao. Hata jina lake la kishujaa, Ms. Marvel, lilikuwa la Carol Danvers tangu 1977.

Niliahidi kuwasema Image, basi. Spawn wa Todd McFarlane anatembea tangu 1992, alifikisha toleo la 300 mwaka 2019, na haonyeshi dalili ya kukaa chini. Tangu 2021 amezaa mifululizo mingine kadhaa. Kitabu kisicho na mwisho hakiwezi kufaulu mtihani wa ukurasa wa mwisho. Radiant Black, ya 2021, ilianza vizuri mno: kijana mwandishi aliyefilisika anarudi kuishi kwa wazazi, anaokota nguvu. Nilikuwa tayari kuiweka ya pili. Baadaye wakaja ndugu, binamu na wakwe, kila mmoja na kitabu chake. Majuzuu mawili ya mwanzo yanatosha.

Na Waafrika wenzetu? Kwezi wa Loyiso Mkize, Afrika Kusini, 2014, kijana mwenye majivuno anayetumia nguvu zake kutafuta sifa mtandaoni, ni mpya kweli na anachekesha. (Kwao jina ni nyota. Ukilitamka Mbarara watu watatazama mwezi.) Roye Okupe wa Nigeria ana E.X.O. na Iyanu, na kuanzia 2021 vinachapishwa na Dark Horse. Yaani kitabu cha Mnijeria kinasafiri kutoka Oregon, Marekani, ndipo kinifikie Tororo, na kila kituo kinaongeza bei. Nimewahi kuulizia Kwezi katika maduka manne ya Kampala. Katika la tatu nilionyeshwa shajara yenye twiga.

Kwa anayetafuta bei rahisi: nakala za fotokopi hukatwa pembeni hadi maneno yanakosa herufi, na faili za kwenye simu zikikosa kurasa hujui. Ukipata nakala za zamani za Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010 ikigawiwa bure kwa Sheng, zisome, ingawa masteringi wake nguvu zao ni mdomo na akili tu.

Turudi kwa wauzaji, maana nina neno. Kile kitabu changu chembamba kilikuwa na stika ya bei nyuma. Nyumbani nikaibandua kwa kucha. Chini yake bei iliyochapwa na mchapishaji: dola 17.99. Kwa dola ya shilingi 3,600 hivi ni kama 65,000. Najua kuna nauli, kuna forodha, kuna kodi ya duka, na mwenye duka naye ana watoto. Lakini zaidi ya mara mbili, na stika imewekwa palepale, si juu wala chini? Tena stika hiyohiyo ilifunika maandishi ninayoyahitaji kuliko bei.

Maana nyuma ya kitabu, karibu na ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine, huwa pana mstari mdogo unaotaja matoleo yaliyomo. Likitajwa jina moja na namba zinazofuatana, 1 hadi 6 kwa mfano, kichukue. Yakitajwa majina mawili matatu, au namba zinaruka kama sungura, kirudishe rafuni. Mstari huo ukikosekana nyuma, uko ndani kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji, na hapo plastiki ndiyo adui. Ukikataliwa kufungua, nakili tarakimu 13 zilizo chini ya ile mistari, zitafute kwenye simu palepale dukani. Kila juzuu lina zake, na utaonyeshwa yaliyomo. Muuzaji atakununia. Mwache anune.

Wale wanaouza kwa WhatsApp ni wagumu zaidi, hutuma jalada tu, limepigwa picha juu ya kitanda. Jana jioni mmoja alinitumia jalada la kitabu cha shujaa mpya, eti 180,000, cha mwisho, wahi. Nikamwandikia kwa adabu: ssebo, naomba picha ya nyuma, na kama hutajali, ya ukurasa wa mwisho. Tiki mbili za bluu zimekaa pale tangu saa mbili usiku.